Udongo Usikae Uchi: Mwongozo kwa Mkulima wa Goma na Pembezoni Mwake

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, moshi hupanda kutoka mashamba ya Nyiragongo, Rutshuru na Masisi. Mabua ya mahindi na mtama, maganda ya maharagi, magugu yaliyong'olewa: vyote hukusanywa na kuchomwa ili shamba liwe safi kabla ya mvua za Septemba. Msimu ukifika, mkulima yule yule aliyechoma huanza kutafuta pesa ya mbolea, na akiikosa husema udongo umechoka. Udongo haukuchoka. Umenyimwa chakula chake.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuurudishia chakula hicho. Ni kwa ajili ya anayelima kipande kidogo Kibumba, Sake, Rutshuru au Minova, na pia yule mwenye magunia machache ya udongo juu ya lava pale Majengo au Ndosho. Mbinu zilizomo zinaongeza mavuno, na papo hapo zinapunguza gesi zinazoipasha dunia joto. Mavuno yametangulizwa kwa makusudi: hakuna mzazi atakayelinda hali ya hewa huku watoto wake wanalala njaa.

Kwanza, elewa kinachotokea

Watu wa Goma wanaijua hewa ya ukaa kuliko wengi duniani. Ndiyo mazuku, ile hewa isiyoonekana inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayojikusanya kwenye mabonde ya magharibi ya mji na kuua mbuzi, ng'ombe na hata watu. Hewa hiyo hiyo, ikiwa imetawanyika angani kwa kiasi kidogo, ni chakula cha mimea. Jani huivuta, na kwa nguvu ya jua huigeuza kuwa shina, mzizi na punje.

Mmea ukishakufa, njia ni mbili. Ukichomwa, karibu kaboni yake yote inarudi hewani saa ile ile. Ukiachwa kuoza udongoni, sehemu kubwa inarudi polepole, lakini sehemu nyingine inashikana na chembe za udongo na kukaa humo miaka mingi, hata karne. Zaidi ya nusu ya uzito wa yale mabaki meusi yanayoupa udongo rangi ni kaboni. Udongo wa dunia nzima umebeba kaboni nyingi kuliko hewa na mimea yote ikijumlishwa. Na udongo uliotokana na majivu ya volkano, kama ule wa vilima vyetu, hushika mabaki hayo kwa nguvu kuliko udongo mwingine mwingi. Tumepewa ghala zuri. Tatizo ni kwamba tunaliacha wazi.

Kuna gesi nyingine mbili za kujua. Methani hutoka tumboni mwa ng'ombe na kwenye takataka zinazooza bila hewa. Tani moja yake inapasha joto takribani mara 27 kuliko tani ya hewa ya ukaa kwa muda wa miaka 100. Oksidi ya nitrojeni hutoka pale mbolea au samadi inapozidi mahitaji ya mimea, hasa kwenye udongo uliolowa. Yake ni takribani mara 270.

Hata hivyo, tuweke mambo kwa uzito wake. Katika Kongo yetu, gesi nyingi hazitoki kwenye matrekta wala mbolea ya dukani, kwa sababu wengi wetu hatuna hata kimoja. Zinatoka kwenye misitu inayokatwa kwa ajili ya mashamba mapya na makala. Kwa hiyo shamba linalozaa vizuri pale pale, mwaka hadi mwaka, ni ulinzi mkubwa zaidi wa Virunga, hifadhi iliyokuwapo tangu 1925, kuliko mabango yote barabarani.

Hatua ya 1: Usichome

Hatua hii haigharimu hata faranga. Ukimaliza kuvuna, kata mabua vipande vya urefu wa mkono na uyalaze juu ya udongo kwa kukingama na mteremko. Magugu yasiyo na mbegu yaachwe pale yalipong'olewa, mizizi ikiangalia juu. Lengo ni kwamba ukisimama shambani na kutazama chini, usione udongo uchi. Tandazo la kimo cha vidole vinne linatosha kuzuia matone ya mvua yasipasue udongo, na linatunza unyevu mvua ikikatika siku kumi katikati ya msimu.

Wengi husema wanachoma ili kuua panya na wadudu. Sogeza tandazo mbali kidogo na shina la mmea, ili wasijifiche karibu nalo. Kitu pekee kinachostahili kutolewa kabisa shambani ni mimea yenye ugonjwa: migomba yenye mnyauko na mashina ya viazi ulaya yaliyonyauka ghafla yakiwa bado mabichi. Hiyo usiitandaze wala usiiweke kwenye mboji. Ifukie mbali na shamba, kisha safisha panga au jembe kwa moto kabla ya kugusa mmea mwingine.

Kwa waliorejea mashambani baada ya vita, neno la pekee. Shamba lililokaa mwaka au miwili bila kulimwa limeota kichaka, na kishawishi cha kwanza ni kiberiti. Subiri. Kichaka hicho ni akiba ya kaboni iliyojiwekea yenyewe: kifyeke, kilaze chini, na upande katikati yake. Lakini kabla ya kufyeka, tembea kwanza na wenyeji waliobaki na uulize mapigano yalifanyika wapi. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usiwashe moto karibu nacho. Weka alama ya kuonekana, warudishe watoto nyuma, na umjulishe mkuu wa kijiji.

Hatua ya 2: Takataka za mji zirudi shambani

Kila siku chukudu na malori huingia Goma na shu, viazi, ndizi na miwa. Kinachobaki baada ya kuliwa, yaani maganda, majani na makapi, hutupwa kwenye mitaro au kurundikwa juu ya lava, ambako huoza bila hewa na kutoa methani. Kila gunia la maganda ni rutuba iliyotolewa Kibumba au Masisi na haikurudi. Ukiwa unaishi karibu na soko la Virunga au Kituku, una malighafi ya mboji bure.

Fanya hivi:

1. Chagua mahali penye kivuli na palipoinuka kidogo. Usichimbe shimo, na usitumie bonde lenye historia ya mazuku. Utakuwa ukiinama pale mara kwa mara.
2. Tandika vijiti chini ili hewa ipite. Juu yake weka tabaka la vitu vikavu: mabua, majani makavu ya migomba, maganda ya maharagi, makapi ya miwa.
3. Weka tabaka la vitu vibichi: maganda ya ndizi, majani ya shu, samadi, majani ya tithonia, ule mmea wa maua ya njano yanayofanana na alizeti unaoota kando ya kila barabara. Kwa kila ndobo moja ya vibichi weka ndobo mbili au tatu za vikavu.
4. Nyunyiza udongo kidogo na maji. Endelea hivyo hadi rundo lifike kiunoni. Likiwa dogo halitapata joto.
5. Choma fimbo ndefu hadi katikati ya rundo na uiache humo. Baada ya siku chache ichomoe na uishike. Ikiwa ya moto hadi unataka kuiachia, kazi inakwenda. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji na vibichi. Ikiwa baridi, imelowa na inanuka vibaya, hewa haifiki: geuza rundo na uongeze vikavu.
6. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Ukikamata konzi na kuiminya, mkono uloane bila maji kuchuruzika.

Baada ya miezi miwili hadi mitatu mboji huwa nyeusi, inabomoka mkononi na inanuka kama udongo wa msituni baada ya mvua. Plastiki, betri na vipande vya chuma usiviingize hata kidogo. Kama mboji haitoshi shamba zima, usiitawanye: tia konzi moja kwenye kila shimo la mbegu. Na kama unalima kwenye magunia juu ya lava, changanya sehemu moja ya mboji na mbili za udongo, weka bomba la mawe madogo katikati ili maji yashuke, na upande lenga-lenga ubavuni.

Hatua ya 3: Usidharau vumbi la makala

Pale makala yanapouzwa, chini ya magunia hubaki vumbi na vipande visivyofaa kupikia. Baadhi huokotwa kutengenezea makaa ya kufinyanga, nalo ni jambo jema. Mengine hufagiwa na kutupwa. Kaboni ya makala haiozi kirahisi. Ikiingia udongoni hukaa kwa mamia ya miaka, na vitundu vyake hushika maji na rutuba.

Ila usilimwage shambani likiwa kavu, maana litanyonya rutuba badala ya kuitoa. Lichanganye kwanza kwenye rundo la mboji, au liloweke kwenye samadi ya majimaji kwa wiki mbili. Tumia tu lile lililobaki. Anayekata mti ili apate vumbi la kuweka shambani ameharibu zaidi ya alichotengeneza.

Hatua ya 4: Maharagi yafanye kazi ya mbolea

Mizizi ya maharagi ina vijidudu vinavyokamata nitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Kila kilo ya nitrojeni inayopatikana hivyo ni kilo ambayo haikutengenezwa kiwandani kwa gesi na makaa ya mawe. Maharagi marefu, yale yanayokwea miti, hukamata nitrojeni nyingi na huzaa kuliko yale mafupi kwenye eneo lile lile, ndiyo maana yameenea sana katika nyanda za juu za Kivu na Rwanda.

Shida yao ni miti ya kukwea. Hekta moja inaweza kudai makumi ya maelfu ya vijiti, na vikitoka msituni faida yote imeliwa. Panda kaliandra, lusena au matete kwenye kingo za shamba lako, ukate vijiti vyako mwenyewe kila msimu. Unapovuna, kata shina na uache mizizi ardhini. Kung'oa mmea mzima ni kuondoka na mbolea.

Zungusha mazao. Viazi ulaya vinataka udongo uliofukuliwa na kuinuliwa matuta, na kila unapoufukua unaruhusu kaboni kutoroka. Usipande viazi misimu miwili mfululizo mahali pamoja. Viazi vikitoka Januari, maharagi yaingie Februari au Machi, kisha mahindi au mtama Septemba. Kwa zao lisilodai matuta, chimba mashimo ya mbegu tu na uache udongo wa katikati bila kuguswa.

Kama unanunua mbolea ya dukani, usiimwage kwa kurusha. Tia kiasi cha vidole vitatu kwenye shimo, pamoja na mboji, ufukie. Itolewe mara mbili, kupanda na kupalilia, wala si siku ambayo mawingu yanaonyesha mvua kubwa. Mbolea inayosombwa ni pesa yako, na inayogeuka gesi ni madhara juu ya hasara.

Hatua ya 5: Zuia mteremko

Wenzetu wa Kalehe wanajua gharama ya mlima usioshikwa na mizizi: mafuriko ya Mei 2023 huko Bushushu na Nyamukubi yaliua watu zaidi ya 400. Udongo wa juu, ule wenye kaboni, ndio wa kwanza kwenda ziwani.

Mifereji ya kuzuia mmomonyoko si mipya Kivu. Wabelgiji waliwalazimisha babu zetu kuichimba, na baada ya 1960 wengi waliifukia kwa sababu ilinuka shuruti. Mbinu yenyewe haikuwa na kosa. Ili mfereji usigeuke mto, lazima uwe sawasawa kabisa, na kipimo chake unakitengeneza kwa miti mitatu.

Chukua fito mbili zilizonyooka za mita mbili, uzifunge pamoja juu na uzipanue chini hadi zifanane na herufi A. Funga fito ya tatu katikati kama daraja. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, iwe inapita mbele ya lile daraja. Sasa simamisha kipimo juu ya vigingi viwili, na uweke alama ya makaa pale kamba inapokata daraja. Geuza kipimo, mguu wa kushoto ukae ulipokuwa wa kulia, na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili, chora ya tatu: kamba ikitulia hapo, miguu yote miwili iko usawa mmoja.

Anza ukingoni mwa shamba. Mguu mmoja ukae kwenye kigingi, mwingine usogeze juu au chini hadi kamba itulie kwenye alama ya kati, upigilie kigingi hapo, uendelee. Mstari utapinda ukifuata mlima, usiunyooshe. Kwenye mstari huo chimba mfereji wa upana na kina cha nusu mita, na udongo utupe upande wa juu. Juu ya tuta panda matete, setaria au tripsakumu mistari miwili, mashina yakipishana, umbali wa shubiri moja hadi mbili. Mlima ukiwa mkali, weka mstari mwingine kila mita kumi au pungufu. Miaka ikipita, udongo unajikusanya nyuma ya majani na shamba linakuwa ngazi bila wewe kubeba hata ndobo moja. Na majani ni chakula cha mifugo.

Hatua ya 6: Mti mahali pake

Grevilea ndiyo rafiki wa shamba: panda kwenye matuta na mipaka, mita tano hadi sita kati ya mti na mti, na uikate matawi kila mwaka. Hutoa kuni, mbao na tandazo la majani. Mikaratusi inakua haraka lakini inakunywa na kula kuliko mazao. Ipe mahali pa mawe au pembe isiyolimika, isiingie katikati ya viazi. Tangu 2007 mpango wa EcoMakala wa WWF umesaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda misitu midogo ya makala ili mzigo upungue Virunga, na wazo hilo unaweza kulifuata hata kwenye robo hekta.

Mlango wa pili wa hatua hii uko jikoni. Tanuri la kawaida la udongo hula takribani kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya makala. Mbabula iliyoboreshwa inayopunguza gunia moja kwa mwezi inaokoa miti mingi kuliko utakayoipanda mwaka huu.

Hatua ya 7: Samadi isilowe

Samadi iliyoachwa mvuani hupoteza nitrojeni, sehemu ikienda mtaroni na nyingine hewani. Ijengee paa dogo la majani ya migomba, au iingize moja kwa moja kwenye rundo la mboji. Sungura na kobayi wanafaa sana mahali penye nafasi finyu: wanakula majani ya tutani, samadi yao ni nzuri, na hawatoi methani kama ng'ombe. Mwenye ng'ombe Masisi agawe malisho vipande, ng'ombe wahame kabla nyasi hazijaliwa hadi kwenye udongo. Nyasi zinazoachwa zipumzike zinateremsha mizizi, na mizizi ndiyo njia ya kaboni kwenda chini.

Kama shamba si lako

Wengi wetu tunakodi kwa msimu. Sheria ya Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, lakini mashambani anayekupokonya ni mwenye konsesyoni au mrithi wake. Kupanda mti kwenye ardhi ya mtu kunaweza kuonekana kama kudai umiliki. Basi fanya yale yanayolipa ndani ya msimu mmoja: kutochoma, tandazo, mboji kwenye mashimo ya mbegu, maharagi. Ukitaka mifereji na miti, omba miaka mitatu hadi mitano, mwandike karatasi inayosema miti ni ya nani na nani atavuna majani, watie saini mashahidi wa pande zote mbili mbele ya mkuu wa eneo. Kikundi chenu cha akiba na mikopo (AVEC) kikikodi pamoja, mna nguvu kuliko mtu mmoja.

Pima maendeleo yako

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila msimu: ndobo ngapi umevuna, mbolea umenunua ya kiasi gani, mboji umeweka wapi. Kisha chukua kopo la nyanya lililotobolewa juu na chini, lididimize udongoni kidogo, mimina kikombe cha maji na uhesabu muda hadi yazame. Rudia chini ya mti mkubwa kandoni mwa shamba, ulinganishe. Shamba linalopona, maji yake huzama haraka zaidi mwaka hadi mwaka, na jembe huanza kukutana na minyoo. Kaboni huongezeka taratibu, na miaka miwili ya uvivu inaweza kurudisha nyuma kazi ya mitano.

Tahadhari kuhusu biashara ya kaboni

Utasikia kwamba kaboni ya udongo inauzwa. Ni kweli, lakini pole pole. Magharibi mwa Kenya, mradi wa Vi Agroforestry ulitia saini mkataba na mfuko wa Benki ya Dunia mwaka 2010, na hati za kwanza zilitoka 2014: tani 24,788, kazi ya maelfu ya wakulima kwa miaka kadhaa. Ukigawa pesa hizo, kila mmoja anapata kidogo. Faida yao kubwa ilikuwa mahindi. Akija mtu kukuomba ada ya kujiandikisha, au saini kwenye karatasi ya lugha usiyoisoma, usilipe na usisaini.

Anza na nini?

Usibebe hatua zote saba kwa mara moja. Kwa msimu huu chagua mbili: acha kuchoma, na tengeneza rundo moja la mboji. Msimu ujao ongeza maharagi na mstari mmoja wa majani kwenye mteremko. Mwaka wa pili panda miti. Gawa shamba vipande viwili, ulime kimoja kwa desturi yako na kingine hivi, kisha uamini macho yako na ndobo zako.

Barabara zinaweza kufungwa, mpaka ukafungwa, mbolea ikapotea dukani. Tumeyaona yote. Udongo uliolishwa vizuri utaendelea kuzaa hata siku hizo, kwa hiyo ulishe sasa.